Mwalimu wa Matunda Damu

Mwalimu alipokwenda sokoni hakuchagua matunda mazuri. Wauzaji wa Morogoro waliomzoea walikwishaacha kumshangaa, lakini wageni waligombana naye. Mtu anamchagulia mapera makubwa yasiyo na doa, anayapangusa kwa ncha ya khanga, na yeye anayarudisha mezani na kuomba yale madogo yaliyotengwa pembeni.

"Haya makubwa yanakwenda Dar," alisema. "Nipe yale anayonunua mama mwenye watoto wengi."

"Hayo yamebonyea, mama."

"Ndiyo hayohayo."

Mimi nilisimama nyuma yake na kikapu. Nilikuwa fundi sanifu katika maabara aliyoiongoza, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuosha, kukata, kukausha na kusaga alichokinunua, mpaka tunda zima linabaki unga wa kujaa kiganja. Unga ule tuliuunguza kwenye tanuri ukawa majivu, majivu tukayayeyusha kwa tindikali, na maji yake tukayapitisha kwenye mashine iliyotuambia mle ndani mna chuma kiasi gani. Ni chuma ambacho mwili ukikikosa hautengenezi damu ya kutosha. Hilo ndilo swali alilolishika maisha yake yote ya kazi. "Mlima mzima umejaa matunda," aliniambia siku nilipoanza, akiionyesha Uluguru dirishani, "na watoto wa mlimani wamepauka. Nataka kujua kwa nini."

Kibao cha mlangoni kwake kilimwita Dokta. Sisi tulimwita Mwalimu, na majirani zake wa Bigwa vilevile, na wanawake wa Kinole, ambako ukoo wake ulikuwa na shamba. Hakuwa mtu wa kucheka sana. Alikuwa mrefu, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani hata akiwa hana kitu, na akikusikiliza aliinamisha kichwa upande mmoja mpaka umalize. Wanafunzi wengi walimwogopa. Mimi niliacha kumwogopa nilipomjua binti yake, Rehema, ambaye hakumwogopa hata kidogo. Rehema hatunaye tena, na siwezi kusimulia habari za Mwalimu bila kugusa za kwake.

Maabara ilikuwa na sheria zake. Kisu cha chuma hakigusi tunda. Tulikatia visu vya plastiki vilivyovunjika kila mara kwenye nanasi. Pete na bangili zinabaki kwenye kibakuli mlangoni. Na kuosha hakukuwa na mzaha. Tuliosha kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyosafishwa ya maabara, kisha tena. "Udongo wetu huu mwekundu una chuma kuliko tunda lolote," alisema. "Usipoosha vizuri utakuwa unapima mlima."

Mwaka mmoja alitujia mwanafunzi kutoka Mbeya, kijana mpole aliyepewa kazi ya kupima matunda damu. Ni lile tunda la umbo la yai linalopenda baridi ya juu, na ukilikamua juisi yake nyekundu inatia doa nguo isitoke. Kila nyumba ya Morogoro inaamini linaongeza damu. Mjamzito akipauka, mgonjwa akitoka hospitali, mtoto akinyong'onyea, watu hukimbilia matunda damu. Kijana alipima akakuta chuma ni kidogo mno. Akadhani amekosea, akazisukuma namba juu kidogo ili zifanane na wanachosema watu.

Mwalimu alizisoma, akamwita. Nilikuwa naosha chupa, nikasikia.

"Hizi umeziongeza?"

"Nimeziongeza, Mwalimu. Kila mtu anajua linaongeza damu. Nikajua kosa ni langu."

"Na kila mtu alipima?"

Hakumfukuza, hakumshtaki. Alivaa koti lake la maabara, akasimama naye mwanzo hadi mwisho, wakarudia kazi yote upya kwa matunda mapya. Namba zilitoka ndogo kama mwanzo. Mwalimu akamgonga bega. "Namba haina ndugu," alimwambia. "Haimwonei aibu mkwe, wala haimpendelei mtoto. Ndiyo maana tunaiuliza yenyewe."

Kijana alipoondoka, nilimkuta Mwalimu amekaa mbele ya mashine iliyokwishazimwa.

"Si umefurahi, Mwalimu? Amejifunza."

"Nilitamani awe sahihi," alisema. "Nilitamani sana."

Jibu lile alilipeleka Kinole mwenyewe. Wengine wakimaliza kupima wanaandika ripoti na mambo yanaishia hapo. Yeye alisema matunda tuliyachukua kwa watu, basi jibu lirudi kwa watu. Tuliazima darasa la shule ya msingi, wanawake wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Akawaeleza kwa Kiswahili chepesi, akichanganya Kiluguru pale wazee walipokunja uso. Aliposema matunda damu yana chuma kidogo, mama mmoja aliyempakata mtoto aliyesinzia ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo Mwalimu, siku zote tumekuwa tunakunywa rangi?"

"Mmekuwa mnakunywa tunda zuri," alisema. "Lina kazi yake. Mtoto akila maharage au mchicha, tunda hili linausaidia mwili kukichukua chuma kilichomo humo. Mpeni pamoja na chakula. Lakini lenyewe peke yake halitajaza damu. Na chai msiwape watoto wakati wa kula. Chai inakizuia chuma tumboni. Inyweni baadaye. Na anayepauka apelekwe zahanati akapimwe, msikae naye nyumbani na juisi."

Wengi walishukuru. Lakini mama yule hakuondoka na wenzake. Alimsubiri Mwalimu mlangoni, mtoto sasa begani.

"Zahanati mara nyingine dawa hakuna," alisema. "Leo umeninyang'anya dawa niliyokuwa nayo."

Mwalimu aliinamisha kichwa upande kama kawaida yake. Nilidhani atajibu kitaalamu. "Ni kweli, dada," alisema tu. Mwezi uliofuata alirudi kule na kilo za mbegu za maharage alizozinunua kwa mshahara wake, akamtafuta mama yule nyumba kwa nyumba mpaka akampata, akampa za kwake mkononi.

Ndivyo alivyokuwa kazini. Nyumbani alikuwa mtu mwingine, nami nilichukua muda kuelewa.

Tulikuwa majirani pale Bigwa, nyumba yake ikitazamana na ya kwetu. Rehema alikuwa na selimundu. Alizaliwa nayo. Wanaoujua ugonjwa huo wanajua: maumivu ya mifupa yanayomkunja mtu kama karatasi, macho ya manjano, kulazwa, kutoka, kulazwa tena. Chembe za damu yake zilivunjika kabla ya wakati, hivyo damu ilipungua kila mara, na kila mara ilibidi aongezewe ya wengine. Baba yake Rehema alikuwa dereva. Ndugu zake walipoanza kusema mtoto amelogwa upande wa mama, alihamia Dodoma, akaoa huko, akawa anatuma salamu. Mwalimu hakumsema vibaya hata siku moja. "Ugonjwa huu unatoka kwa wazazi wote wawili," aliniambia. "Yeye alimpa nusu, mimi nusu. Sasa nimlaumu kwa nusu ipi?"

Watu wa mtaani walijua kitu kimoja tu: mtoto wa Mwalimu amepungukiwa damu. Basi wakaleta matunda damu. Mama Shabani wa nyumba ya pili alikuwa hodari kuliko wote. Anakamua, anachuja, anatia sukari kidogo, anabisha hodi na chupa nyekundu imefunikwa kwa kitambaa.

"Mpe mgonjwa, Mwalimu. Hii itamrudisha."

"Ahsante, dada. Mungu akulipe."

Mtu aliyesimama mbele ya darasa zima la Kinole akawaambia ukweli, kwa Mama Shabani hakutamka neno. Chupa ilipokelewa, ikasifiwa, ikawekwa mezani, na mgeni akishaondoka liliitwa jina langu. Nilivuka barabara, nikaichukua, tukainywa nyumbani kwetu. Nilimuuliza mara moja kwa nini hamwelezi.

"Mtu ameacha shughuli zake akakamua matunda kwa ajili ya mwanangu," alisema. "Nimwambie nini?"

Lakini kwa nini Rehema asiinywe, hata kama haina faida? Hilo ndilo sikulielewa, mpaka Rehema mwenyewe aliponieleza, siku moja tukichambua mchele kibarazani.

"Dada, mimi sina upungufu wa chuma," alisema. "Ninacho cha kuzidi."

Nilidhani ananitania. Alikuwa mtani. Akanieleza vizuri: damu aliyoongezewa tangu utotoni ilikuja na chuma chake, na mwili hauna njia ya kukitoa. Kimejikusanya. Daktari alisema kimeanza kukaa kwenye ini, na kikifika moyoni ni hatari. Dawa ya kukitoa ilikuwa inafuatwa Dar, mara ipo, mara haipo.

"Mama yangu anawatafutia watoto wa watu chuma mlima mzima," akasema, akipuliza makapi, "mimi akirudi ananinyang'anya." Akacheka. Mimi nilishindwa.

Tangu siku ile nikaanza kuona nilichokuwa nakitazama bila kukiona. Nyumba ile haikuingia maini, wala dagaa, wala mchicha. Chungu cha chuma alichoachiwa na mama yake alikigawa. Na kila Rehema alipokaa kula, mama yake alimmiminia kikombe cha chai kavu, akakiweka karibu na sahani, akasubiri mpaka amenywa. Chai ileile aliyowakataza wanawake wa Kinole. Kule aliikataza kwa sababu inakizuia chuma, na hapa aliitaka kwa sababu hiyohiyo. Sijui mtu anafanyaje kubeba mambo hayo mawili katika wiki moja, Jumanne mlimani akihubiri hili, jioni kwake akitenda lile, na yote mawili yakiwa sahihi. Hakuwa mnafiki. Pengine ingekuwa nafuu kwake angekuwa mnafiki.

Mwisho alikuwa anaogopa hata vitu ambavyo daktari hakuvitaja. Zambarau alizikataza, na mapera, na ndimu kwenye mboga. Rehema alikuwa amemaliza kidato cha nne, anashona nguo za watoto nyumbani, mtu mzima kwa haki yake, na bado mama yake alimkagua mfuko akitoka sokoni. Waligombana. Niliwasikia kutoka kwetu. Rehema alisema, "Mama, mimi siyo sampuli." Baadaye nikawaona wamekaa kibarazani, Mwalimu akimsuka nywele, wote wawili wanatazama barabarani kama hapakuwa na kitu.

Rehema alifariki msimu wa masika, hospitali ya mjini, asubuhi. Maumivu yalimbana kifua na homa ikapanda, na moyo ukachoka. Nilikuwa nimeitwa nipeleke khanga safi, nikafika na khanga zangu mkononi, nikamkuta Mwalimu amesimama ukutani kwenye korido, kanyooka vilevile. "Zipeleke ndani," aliniambia. "Watazihitaji." Tukamzika Kinole, kwenye ardhi ya ukoo. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa wanawake, na Rehema alikuwa binti pekee wa mtoto pekee wa kike. Mama mdogo wa Mwalimu, bibi mzee sana, alishika udongo wa kaburi akasema kwa sauti ya chini, "Sasa shamba hili tumwachie nani?"

Mwalimu alirudi kazini matanga yalipokwisha. Hakupima. Alikaa kwenye sinki na kuosha chupa za maabara, zilizo safi na zisizo safi, akazipanga, akazishusha, akaziosha tena. Nilitaka kumzuia, kisha nikavaa glavu nikaosha naye. Kabla ya mwaka kuisha aliomba kustaafu mapema. Kazi yake ilibaki. Manesi wa kliniki za mlimani walichukua yale aliyoyafundisha Kinole, wakawa wanawaambia kina mama: maharage na tunda pamoja, chai baadaye. Sijui mama wangapi wamesaidika. Najua wapo.

Alihamia Kinole kwa mama yake mdogo, na simu zake zikawa fupi. Mwaka jana, kiangazi, nikapata likizo nikapanda bodaboda kwenda kumwona.

Nilimkuta uani akikwangua magome ya mdalasini, amekaa kwenye kigoda, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Bibi alikuwa amelala ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na vumbi lote la Bigwa."

Nilimsaidia kukwangua. Nikampa habari za maabara, mashine mpya, wanafunzi. Nikamwambia kuhusu manesi, nikidhani itamfurahisha. Akaitikia, "Vizuri. Vizuri," akiendelea na kisu chake. Kisha bila mimi kuuliza kitu, akaanza kusema.

"Siku ile kabla hajafa, Mama Shabani alikuja hospitali na ile chupa yake. Uliiona?"

"Sikuiona."

"Aliiacha kwenye kabati la kitanda. Rehema alikuwa na kiu. Hajala tangu jana yake, homa imemkausha midomo. Akaitazama. Akaniambia, 'Mama, leo tu. Nionje.'" Aliweka kisu chini. "Nikamwambia, utakunywa ukipona. Nikammiminia chai kavu kutoka kwenye chupa ya chai. Akainywa. Hakubisha. Siku zote alikuwa anabisha, siku ile hakubisha."

Nikasema nilichoweza kusema. Kwamba alikuwa anafuata ushauri. Kwamba juisi ile husaidia mwili kuchukua chuma, na mwili wake haukutakiwa kuchukua zaidi.

"Chuma cha wapi?" aliniuliza. Sauti yake haikupanda. "Tumbo lilikuwa tupu. Ingesaidia kuchukua chuma cha chakula kipi? Na chuma cha tunda lenyewe tulikipima mimi na wewe. Hakuna mtu katika mlima huu anayejua kuliko mimi jinsi kilivyo kidogo. Glasi moja isingemfanya chochote. Nilijua, mwanangu. Nikiwa nimeishika ile chai mkononi, nilikuwa najua."

"Ulikuwa unamlinda, Mwalimu."

"Nilikuwa naogopa," alisema.

Tulikaa. Upepo ulishuka kutoka juu na harufu ya mdalasini ikazidi. Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, machozi yakishuka tu, uso umetulia, mikono imekaa mapajani. Sikumgusa kwa sababu sikujua kama angependa. Kisha nikasogeza kigoda changu nikamgusa, na akaniachia.

Jua lilipoanza kupungua dereva wa bodaboda akapiga honi kule barabarani. Mwalimu alijifuta uso kwa khanga, akanifungia mdalasini kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka pale njia inapokata. Tulitembea polepole, yeye mbele. Akawa ananiuliza habari za nyumbani, mume wangu, paa letu lililokuwa linavuja. Akamuulizia mwanangu mdogo, ambaye alimwacha akiwa bado anatambaa.

"Anakula vizuri?"

"Anasumbua. Chakula hataki. Anachotaka ni embe bichi, na chumvi na pilipili, kutwa nzima. Namnyima, litamharibu tumbo."

Alisimama. Dereva alikuwa ameshawasha pikipiki. Mwalimu aliinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyofanya siku zote mtu akizungumza naye, ingawa nilikuwa nimekwisha kumaliza.

"Akiomba, mpe," alisema. "Mwanangu, akiomba, mpe."